Anyolaiti, rubi ya fuksaiti au unakaiti: lipi likufae kwa kazi ipi

Mawe haya matatu huchanganywa mno, na ukiyatazama kwa mbali huwezi kumlaumu anayeyachanganya. Yote ni ya kijani yenye madoa mekundu au ya waridi. Yote ni miamba iliyogeuzwa chini ya ardhi kwa joto, mgandamizo au maji ya moto. Yote huchongwa shanga, vidani, mayai, tufe na sanamu. Lakini ukishayaweka kwenye gurudumu la almasi, au ukishalivaa moja kidoleni kwa miezi sita, utagundua kuwa hayana tabia moja hata kidogo.

Swali ambalo wanunuzi wengi huanza nalo ni ugumu: "Rubi ina ugumu wa 9, kwa hiyo jiwe lenye rubi ni gumu, sivyo?" Sivyo. Kito kama yakuti safi ni madini ya aina moja, na namba moja inatosha kukieleza. Mwamba ni madini mawili, matatu au manne yaliyoshikana, na kila moja lina namba yake. Kinachoamua kama jiwe litang'aa vizuri, litadumu kwenye pete au litabanduka pembeni ni pengo kati ya namba hizo. Pengo likiwa dogo, jiwe ni rahisi kulifanyia kazi. Likiwa kubwa, kila hatua inahitaji hadhari. Ulinganisho wote hapa chini unarudi kwenye jambo hilo.

Yametengenezwa na nini

Namba za ugumu ni za kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa madini laini kabisa hadi 10 kwa almasi. Uzito ni wa jiwe ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule.

| | Anyolaiti | Rubi ya fuksaiti | Unakaiti |
|---|---|---|---|
| Sehemu ya kijani | zoisaiti, 6 hadi 7 | fuksaiti, 2 hadi 3 | epidoti, 6 hadi 7 |
| Nyekundu au waridi | rubi, 9 | rubi, 9 | feldispa, 6 |
| Sehemu nyingine | amfiboli nyeusi, 5 hadi 6 | kayanaiti ya buluu, 4.5 hadi 7 | kwazi, 7 |
| Pengo la ugumu | kama 3 hadi 4 | 6 au zaidi | kama 1 |
| Uzito | karibu 3.2 hadi 3.5 | 2.8, hupanda kadiri rubi inavyozidi | karibu 2.8 hadi 3.2 |

Anyolaiti ni jiwe la Tanzania. Liligunduliwa mwaka 1954 Mundarara, karibu na Longido, kaskazini mwa nchi jirani na mpaka wa Kenya, ndani ya miamba ya kale ya Mkanda wa Msumbiji, ukanda mrefu wa miamba unaopita mashariki mwa Afrika. Zoisaiti yake ni ya kijani kwa sababu ya kromiamu, na kromiamu hiyohiyo ndiyo inayoipa rubi wekundu wake. Zoisaiti ni madini yaleyale yanayofanya tanzanaiti, iliyopatikana Mererani mwaka 1967. Tofauti ni kwamba tanzanaiti ni fuwele angavu zenye vanadiamu, ilhali zoisaiti ya Longido ni chembe ndogondogo zilizosongamana, hazipitishi mwanga. Usikubali kuuziwa anyolaiti kwa hoja ya undugu huo. Thamani ya anyolaiti inatoka kwenye mpangilio wa rangi zake tatu: kijani, nyekundu, na nyeusi ya amfiboli ambayo mara nyingi huzingira rubi kama wanja.

Rubi ya fuksaiti hutoka hasa India ya kusini, jimbo la Karnataka. Fuksaiti ni mika yenye kromiamu: laini, yenye magamba membamba, na inametameta ukiigeuza kwenye mwanga. Pale rubi inapokutana na fuksaiti, mara nyingi hujitokeza ukingo wa buluu wa kayanaiti. Ukingo huo ni mzuri kwa macho na ni alama bora ya kulitambua jiwe hili.

Unakaiti ni itale iliyobadilishwa. Maji ya moto yalipita kwenye nyufa za itale, yakageuza sehemu ya feldispa zake kuwa epidoti ya kijani-mzeituni na kuacha feldispa ya waridi ikiwa nzima, pamoja na kwazi ya kijivu au isiyo na rangi. Ilielezwa kwanza kutoka milima ya Unaka, kati ya North Carolina na Tennessee nchini Marekani, na hupatikana pia Afrika Kusini na kwingineko. Haina rubi hata chembe.

Kulitambua jiwe kabla ya kulipa

Rangi peke yake haitoshi, hasa kwenye shanga ndogo. Fuata mpangilio huu, ukianza na lisiloacha alama.

Anza na tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya nanomita 365, kwenye chumba chenye giza. Rubi ya Longido hung'aa nyekundu kama kaa la moto, na rubi nyingi zilizo kwenye fuksaiti hufanya hivyo pia. Feldispa ya unakaiti haitoi mng'ao huo mwekundu. Kipimo hiki huchukua sekunde chache na kinamaliza nusu ya mabishano. Angalizo moja: rubi yenye chuma nyingi hung'aa kwa shida, kwa hiyo mng'ao ukiwapo ni ushahidi mzuri, lakini ukikosekana usihukumu kwa hilo tu.

Kisha chukua lensi ya kukuzia mara 10. Rubi kwenye anyolaiti ina umbo: pande bapa, pembe za sita, mara nyingine mistari iliyonyooka inayopishana juu yake. Doa la waridi kwenye unakaiti halina umbo la fuwele. Limeingiliana na kijani kama mabaka. Fuksaiti utaijua kwa magamba yake yanayometa kila moja kwa pembe yake.

Ukiwa bado na shaka, pima uzito majini. Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu, uzi mwembamba na chombo cha maji. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha lining'inize chini ya mizani likiwa limezama kabisa bila kugusa chombo, upime tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Jiwe la gramu 64 linalosoma gramu 44.6 majini lina tofauti ya 19.4, na 64 ukigawa kwa 19.4 unapata 3.3. Hiyo ni anyolaiti ya kawaida kabisa. Ukipata 2.8 au 2.9, si anyolaiti. Pangusa mapovu ya hewa yaliyoshika jiwe kabla ya kusoma, maana hayo ndiyo yanayoharibu kipimo hiki zaidi ya kitu kingine. Kipimo hakifai kwa jiwe lililopachikwa kwenye chuma wala kwa mkufu wenye uzi.

Mwisho ni mkwaruzo, tena mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya tundu la ushanga au chini ya sanamu. Kipande cha shaba kinakwaruza fuksaiti. Ncha ya kisu haikwaruzi zoisaiti wala epidoti. Itaacha tu mstari wa kijivu wa chuma unaofutika. Usijaribu kwenye sehemu nyeusi ya anyolaiti, kwa sababu amfiboli iko karibu na ugumu wa kisu na jibu utakalopata halitakusaidia.

Kuhusu udanganyifu, unaosumbua zaidi ni kuongeza rangi: jiwe lenye rubi iliyofifia hupakwa rangi nyekundu, au mawe meupe yenye nyufa hutiwa kijani na waridi. Lowesha pamba kwa asetoni na usugue sehemu iliyofichika. Pamba ikitoka na rangi, jiwe limepakwa. Chini ya lensi, rangi ya kuongeza hujikusanya ndani ya nyufa na mashimo, ilhali rangi ya asili imejaa ndani ya chembe yenyewe. Rezini, yaani gundi ya kimiminika inayogandia ndani ya nyufa, ni jambo jingine. Rubi ya fuksaiti iliyojazwa rezini si lazima iwe ulaghai, na kwa kweli jiwe hilo mara nyingi halichongeki bila rezini, ila muuzaji anapaswa kusema.

Kukata na kung'arisha: hapa ndipo tofauti inapouma

Unakaiti ndiyo mwalimu mzuri kwa anayeanza. Pengo lake la ugumu ni dogo, kwa hiyo sehemu zote hulika karibu sawa. Msasa wa kaboridi ya silikoni unatosha, si lazima almasi. Pita namba 100, 220, 400, 600, kisha 1200 (kadiri namba inavyopanda, chembe za kusagia ni laini zaidi), na umalizie kwa seriamu oksaidi au aluminiamu oksaidi kwenye ngozi au fulana nzito yenye unyevu kidogo. Tatizo lake ni vishimo. Feldispa na epidoti zina tabia ya kumeguka kufuata bapa zao za asili, na ukikandamiza sana kwenye namba za mwanzo, vipande vidogo hung'oka. Vishimo hivyo havitoki kwa polishi. Inabidi urudi nyuma. Dawa ni kutumia muda mrefu zaidi kwenye namba 220 kwa mkono mwepesi, na kuchagua tangu mwanzo kipande chenye chembe ndogo zilizobanana.

Kwenye pipa la kuzungusha mawe pamoja na maji na poda ya kusagia, unakaiti hutoka vizuri. Pipa la kilo moja na nusu hujazwa hadi theluthi mbili au robo tatu, maji yafike chini kidogo ya usawa wa juu wa mawe, na poda vijiko vikubwa vinne. Siku 7 hadi 10 kwa poda ya chembe kubwa namba 60/90, wiki moja kwa 120/220, wiki moja kwa 500, na wiki moja kwa polishi. Osha mawe na pipa kila unapobadilisha poda, hadi maji yawe safi kabisa. Chembe moja ya poda ya mwanzo ikibaki mpaka hatua ya polishi inachora mikwaruzo kwenye jiwe lote. Pipa lisipojaa, mawe yanaanguka badala ya kuteleza na kingo zinapasuka.

Anyolaiti inataka almasi tangu mwanzo hadi mwisho. Kaboridi ya silikoni inakata zoisaiti vizuri lakini rubi inaigusa kwa shida, na matokeo yake ni yale ambayo kila mchongaji wa jiwe hili anayajua: zoisaiti inaondoka, rubi inabaki juu kama kipele. Ukishafikia hapo, kila sekunde ya kung'arisha inazidisha kilima. Mfuatano unaofanya kazi ni almasi namba 220, 600, 1200, 3000, 8000, 14000, na 50000 ukitaka rubi nayo iwe kioo. Namba 80 au 100 itumie kuondoa ziada tu, mbali na rubi, kwa kuwa mtikisiko wake huifungua rubi kwenye nyufa zake na kuing'oa nzimanzima.

Mambo mawili yanaokoa kazi. La kwanza ni ugumu wa sehemu unayosagia. Magurudumu laini na pedi za sponji hujikunja na kuizunguka rubi, zikila zoisaiti ya pembeni. Kaa kwenye sehemu ngumu na bapa hadi angalau namba 1200 ndipo uhamie kwenye laini. La pili ni ukali wa almasi yenyewe. Gurudumu lililochoka halikati rubi, linateleza juu yake, na bado linakula kilichobaki. Ukiona unalazimika kukandamiza, badilisha gurudumu au likwangue kwa jiwe la kunolea. Usiongeze nguvu ya mkono.

Kausha jiwe kabisa kila unapotaka kupanda namba, na ulitazame likielekea taa kwa pembe ya chini. Jiwe lenye maji huficha mikwaruzo yote. Kwenye namba 3000 zoisaiti itaanza kung'aa huku rubi ikiwa bado na ukungu, na hapo wengi husimama wakidhani rubi yao ni mbovu. Si mbovu. Inahitaji namba za juu, na inahitaji muda mara mbili au tatu ya ule unaotumia kwenye kijani. Amfiboli nyeusi ndiyo itakuwa ya mwisho kukubali: huwa na vishimo vidogo, na kwenye vipande vyenye weusi mwingi ni busara kupaka gundi nyembamba ya haraka kwenye nyufa kabla ya namba 600, kuiacha ikauke usiku kucha, ndipo uendelee.

Kwenye msumeno, kata polepole kuliko unavyodhani inafaa. Diski nyembamba ikikutana na ukingo wa rubi kwa ulalo huteleza pembeni, na bamba linatoka nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Kata bamba la milimita 6 hadi 7 kwa kaboshoni, yaani jiwe la mgongo wa mviringo, ili baada ya kusaga ubaki na 4 hadi 5. Halafu kuna uelekeo wa kukata, ambao ndio unaotenganisha kipande cha kawaida na kipande cha kusimamisha mtu. Rubi nyingi za Longido ni bapa, na zina uso wenye pembe sita. Ukikata sambamba na ubapa huo unapata umbo pana la pembe sita lililozungukwa na wanja mweusi. Ukikata kwa kukingama unapata mstari mwembamba mwekundu. Kabla ya kukata, lowesha jiwe, ligeuze pande zote, na uchore mipaka ya rubi kwa waya wa alumini, kwa sababu wino hufutwa na maji ya msumeno. Rubi iwe katikati ya kaboshoni. Ikikaa ukingoni, ukingo utakatika pale rubi inapokutana na zoisaiti, ama wakati wa kusaga ama wakati sonara anapokunja chuma.

Rubi ya fuksaiti ni kazi ya subira kuliko zote. Madini ya 9 yamekaa ndani ya madini ya 2 au 3, na hakuna mbinu inayoweza kuyafanya yalike sawa. Kinachowezekana ni kupunguza madhara. Bamba lifyonzeshwe rezini ya epoksi nyembamba likiwa limepashwa joto la wastani, ikiwezekana kwenye chombo cha kuondolea hewa, liachwe ligande saa 24 au zaidi. Saga kwa almasi mpya tu, mkono mwepesi, mgongo wa chini badala ya wa kupanda juu. Simama kwenye namba 3000. Ukiendelea, fuksaiti haitang'aa zaidi, itachimbika zaidi. Kayanaiti nayo ina hila yake: ugumu wake ni 4.5 hadi 5 kwa urefu wa fuwele na 6.5 hadi 7 kwa upana, kwa hiyo ukingo uleule wa buluu utalika upande mmoja na kugoma upande mwingine. Kwenye pipa la kuzungusha jiwe hili lisiingie kabisa. Mika inachujuka na kuacha rubi zikiwa nje kama meno.

Kwa mawe yote matatu, fanya kazi na maji yanayotiririka na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Unakaiti ina kwazi, na vumbi la kwazi likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu bila kurudi. Kukata kavu, hata kwa dakika chache, kusiwe desturi.

Lipi kwa kazi ipi

Kwa pete ya kuvaa kila siku, unakaiti inashinda kwa uimara, ingawa mimi ningeichagua anyolaiti kwa uzuri na kuiwekea masharti. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, na kila ukipangusa pete unapitisha chembe hizo juu ya jiwe. Zoisaiti na epidoti ziko kwenye 6 hadi 7, kwa hiyo zitapoteza mng'ao taratibu. Amfiboli itaupoteza mapema zaidi. Anyolaiti ipachikwe kwenye ukingo wa chuma unaolizunguka jiwe lote, usiokuwa na kucha, na uso wa jiwe usizidi sana kimo cha chuma. Sonara asipeleke moto jiwe likiwa ndani: zoisaiti haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto, na mpaka kati yake na rubi ndio unaofunguka kwanza. Kazi yote ya kuchomea imalizike kabla ya jiwe kuingia. Rubi ya fuksaiti usiifanye pete.

Kwa vidani na hereni, yote matatu yanakubalika kwa kuwa hayagongwi mara kwa mara. Hapa anyolaiti inang'ara kweli, na doa moja la rubi katikati ya kijani halihitaji mapambo mengine. Kwa hereni kubwa fikiria uzito: kwa ukubwa uleule, anyolaiti ya 3.3 ni nzito kuliko unakaiti ya 2.9 kwa zaidi ya asilimia 10, na masikio huihisi tofauti hiyo jioni. Rubi ya fuksaiti kama kidani iwe na kifuniko cha nyuma, na kingo zake zisiachwe wazi.

Shanga na bangili ni eneo la unakaiti. Shanga husuguana zenyewe kwa zenyewe kutwa nzima. Zikiwa na ugumu unaokaribiana hazidhuriani. Kwenye mkufu wa anyolaiti, ushanga wenye rubi iliyojitokeza utaukwaruza wa jirani, kwa hiyo weka fundo au kipande kidogo cha chuma laini kati ya kila mbili. Kutoboa pia ni rahisi zaidi kwenye unakaiti. Keekee ya almasi inapokutana na rubi katikati ya tundu hupunguza mwendo, hupata joto na kupasua ushanga. Ukitoboa anyolaiti, anza pande zote mbili ukutane katikati, na inua keekee kila baada ya sekunde chache ili maji yaingie.

Kwa sanamu, hakuna mjadala kwangu: ni anyolaiti. Zoisaiti iliyosongamana inashika ncha nyembamba vizuri, vipande vikubwa vinapatikana, na rangi tatu zinampa mchongaji nafasi ya kufanya rubi iwe kichwa cha ndege, ua au kilemba, na weusi uwe kivuli. Wachongaji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, wamelitumia jiwe hili kwa sababu hiyohiyo. Sharti lake ni kupanga kazi kulingana na rubi iliyopo, kwa kuwa huwezi kuilazimisha rubi ikae unapotaka. Rubi ya fuksaiti inafaa sanamu nene zisizo na sehemu zinazochomoza, na hasa vipande vya kuweka rafuni vikiwa nusu ghafi, ambapo kumeta kwa mika kunaonekana kuliko inavyoweza kufanya polishi yoyote.

Tufe ni kipimo kikali cha pengo la ugumu. Mashine ya kusagia tufe huzungusha jiwe kila upande, na rubi ya anyolaiti ikibaki juu hata kidogo tufe linapoteza umviringo na kuanza kuruka kwenye vikombe. Inawezekana kwa almasi na subira, ila kwa unakaiti ni kazi ya kawaida.

Kwa ujenzi, vigae na juu ya meza, ni unakaiti pekee inayostahili kufikiriwa. Ni itale kwa asili, inapatikana kwa wingi na inabeba nyayo. Kule Washington, mlango wa kusini wa Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Historia ya Asili la taasisi ya Smithsonian una unakaiti kwenye ngazi na sakafu ya juu yake.

Kuchagua jiwe ghafi

Lowesha kipande, kisha kitazame kinavyokauka. Nyufa hubaki nyeusi kwa maji wakati uso umeshakauka, na hapo ndipo utaona kama nyufa zinakatiza jiwe lote au zimeishia juujuu. Kwa anyolaiti, tafuta kijani kilichokolea kisichokuwa na unga mweupe, rubi yenye mipaka safi, na weusi usiozidi theluthi ya uso, maana weusi mwingi unamaanisha vishimo vingi. Rubi kubwa si lazima iwe bora. Rubi ya sentimita moja iliyoshikamana na zoisaiti ina faida kuliko ya sentimita nne iliyopasukapasuka. Omba dirisha, yaani uso mmoja uliokatwa, kwa kipande chochote kinachozidi kilo chache. Nje ya jiwe haisemi ukweli wa ndani.

Kwa unakaiti, tazama uwiano wa waridi na kijani kwenye ukubwa wa kazi yako. Mabaka ya sentimita mbili yanapendeza kwenye tufe, lakini ukikata shanga za milimita 8 kutoka humo utapata nyingine za kijani tupu na nyingine za waridi tupu. Kwa fuksaiti, pitisha ukucha kwa nguvu ukingoni. Magamba yakitoka, jiwe hilo litahitaji rezini kabla ya jambo lolote.

Anyolaiti inayonunuliwa Tanzania iwe na nyaraka. Tangu 2019 nchi ina masoko ya madini yanayosimamiwa kwa ushiriki wa Tume ya Madini, na muuzaji halali ana leseni na anatoa stakabadhi. Kusafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali, na jiwe ghafi halichukuliwi sawa na jiwe lililokwisha kuchongwa. Uliza masharti kabla ya kununua, usisubiri kufika uwanja wa ndege na mfuko wa mawe.

Kuyatunza

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mwororo vinatosha kwa anyolaiti na unakaiti. Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti na ile ya mvuke ziepukwe kwa yote, kwa sababu mtikisiko na joto hufungua mipaka ya madini na kulegeza gundi iliyopakwa kwenye nyufa. Rubi ya fuksaiti ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu, bila kulowekwa, maana maji huingia kati ya magamba. Ihifadhi kwenye mfuko wake peke yake: karibu kila kito kilichomo sandukuni, pamoja na ndoano ya hereni iliyo jirani, kinaweza kuikwaruza.